Pungufu Kurasa Kumi na Sita

Mtu akimwuliza yule mshona vitabu wa maktaba kuu riwaya gani nzuri ya dunia iliyokwisha, asitegemee kutajiwa jina la kitabu wala la mwandishi. Majina hayamkai kichwani. Atamwambia, "Chukua kile kilichomwagikiwa chai," au, "Soma kile kilichotafunwa na mbwa, ila ukifika kwenye daraja pumzika kwanza, pale pabaya." Vitabu anavijua kwa majeraha yake. Na katika miaka ile ninayoisimulia, vilivyofika mezani kwake hoi kuliko vyote vilikuwa hivyo hivyo vya dunia kwisha: bahari imemeza miji, jua limekataa kuchomoza, ugonjwa umefagia watu, wamebaki watano na kopo moja la maharage. Riwaya za mapenzi zilirudi nzima kama zilivyotoka. Hizi zilirudi migongo imevunjika, watu wamezisoma mpaka zimekoma.

"Watu wana nini?" aliwahi kumwuliza mkutubi mkuu. "Dunia yenyewe hii haiwatoshi?"

Mkutubi mkuu akacheka, akamwambia yeye ashone tu, maswali awaachie wenye digrii.

Wenzake walimwita Bi Gundi, naye hakukasirika, maana hata siku ya mapumziko alinuka gundi. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya ngazi, kina dirisha moja la juu linaloonyesha viatu vya wapita njia bila sura zao. Humo mlikuwa na meza ndefu, shinikizo la chuma la kukandamizia vitabu, sufuria ya gundi, uzi uliopakwa nta, na stuli mbili. Ya kwanza yake. Ya pili ya mdogo wake, Kitinda, aliyeshona naye bega kwa bega miaka kumi na moja, mpaka figo zake zote mbili zilipogoma.

Huyo Kitinda tumwelewe vizuri, maana bila yeye hakuna hadithi. Wazazi wao walifariki Bi Gundi akiwa na miaka kumi na tisa na Kitinda minne. Wajomba walikaa kikao, wakagombania kabati na vitanda, mtoto hakugombewa na mtu. Dada akamchukua. Akamlea, akamsomesha, akamfundisha kazi. Wachumba wawili walikuja kwa nyakati tofauti, wakakuta kuna mtoto kwenye mkeka, wakanywa maji, wakaaga kwa adabu. Bi Gundi hakuwalilia. Alikuwa na Kitinda, na ukimwondoa Kitinda, hakuwa na mwingine wa kumwuliza umekula nini leo.

Kwa hiyo figo zilipogoma, aliyeugua ni mmoja lakini walioingia wodini ni wawili. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Kitinda alikaa kwenye kiti cha tatu kutoka mlangoni, sindano mbili mkononi, damu yake ikitoka, ikizunguka kwenye mashine, ikasafishwa, ikarudi. Muda wa saa nne nzima. Akitoka hapo hana nguvu ya kufunga kifungo cha shati. Siku ya pili anapata nafuu kidogo, ya tatu anarudi tena. Ndivyo walivyokwenda miaka mitatu.

"Niletee kitu cha kusoma," alimwambia dada yake mwezi wa kwanza. "Chochote, kisiwe cha mapenzi tu."

Bi Gundi akamletea kilichokuwa mezani, na kilichokuwa mezani mnakijua. Kitinda akakisoma kwa siku mbili za mashine, akakifunga, akasema, "Kizuri. Una kingine?" Basi, ikawa ndiyo kazi. Fundi ambaye maisha yake yote alikuwa akitazama uzi na namba za kurasa tu, sasa akawa mtu wa kupendekeza riwaya.

"Hiki vipi?" Kitinda angeuliza, akikipima kitabu kwa mkono.

"Hicho kizuri. Dunia imeganda barafu. Mama na binti yake wanatembea kwa miguu kutafuta kwenye joto."

"Nani anabaki?"

"Binti. Na mama pia, ila vidole vyake vya miguu hapana."

"Vidole si neno. Lete."

Swali lilikuwa hilo hilo kila mara. Nani anabaki? Hakuuliza nani kakiandika, hakuuliza kirefu au kifupi. Na Bi Gundi, ambaye hakuzaliwa jana, akajiwekea sheria yake mwenyewe. Kabla hajampelekea mdogo wake kitabu, alikaa kwenye stuli akasoma kurasa za mwisho. Wakibaki watu, hata wawili, hata mmoja na mbuzi wake, kitabu kinakwenda wodini. Wakifa wote, kitabu "bado gundi haijakauka." Kulikuwa na kimoja chenye jalada jekundu ambacho gundi yake haikukauka mwaka na nusu.

Jirani wa Kitinda, kiti cha nne, alikuwa mzee mmoja mstaafu aliyefundisha jiografia miaka mingi, na kila mtu wodini alimwita Mwalimu. Naye akaanza kuazima. Lakini Mwalimu alikuwa na ulimi.

"Huyu mwandishi kapandisha mto mlimani," alisema siku moja. "Dunia imekwisha sawa, lakini maji nayo yamesahau njia?" Akamgeukia Kitinda. "Na wewe, dada yako anakulisha peremende. Kila kitabu wanafika salama, wanapanda mchicha. Nitakuletea kitabu cha watu wazima."

Akamletea kweli, cha maktaba hiyo hiyo, alichokiazima mwenyewe kwa kadi yake. Kinene, jalada la rangi ya vumbi. Kilihusu nchi iliyokaukiwa maji kabisa, na fundi pampu mmoja anayewaongoza watu saba kuvuka jangwa, kwenda kwenye kisima ambacho hakuna aliyekiona kwa macho. Bi Gundi alipokiona mapajani mwa mdogo wake alishtuka, maana mwisho wake hakuujua. Alimtazama mzee kwa jicho ambalo lingemfanya mtu mwingine aombe radhi.

Wiki ya pili yake, Jumatatu, kiti cha nne kilikuwa kitupu. Sista wa zamu, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alitandika shuka jipya bila kumtazama mtu, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu wodi ile kila mtu anajua maana ya shuka jipya. Jumatano alikuwa amekaa hapo binti mmoja mwenye macho ya woga. Wanaosubiri kiti walikuwa wengi.

Siku hiyo wakiwa nyumbani, Kitinda alisema, "Dada, nimechoka."

Bi Gundi alikuwa anakunja nguo. "Umechoka leo, au umechoka?"

"Nimechoka."

Nguo ilimwanguka, akaiokota, akaikunja upya. Kitinda akaendelea kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia paa linalovuja. Alisema daktari kamweleza siku nyingi kwamba mtu ana haki ya kusema basi. Hatazuiwa. Alisema hataki kuamua kwa hasira wala kwa msiba wa Mwalimu.

"Nimebakiza kama theluthi ya kitabu chake," alisema. "Nikikimaliza, tutazungumza. Lakini kimenifungukia katikati, vikunjo vinatoka. Kanishonee kesho, Ijumaa nimalizie."

Bi Gundi alikipokea kwa mikono miwili. Katika kichwa chake jambo lilikuwa wazi kuliko mchana: mdogo wake ameweka maisha yake juu ya kitabu. Wale watu wakifika kisimani, ataendelea na mashine. Wasipofika, basi. Hivyo ndivyo alivyoelewa, na mtu mwenye hofu hahitaji kuelezwa mara mbili.

Alhamisi alijifungia kazini. Alikata uzi wa zamani, akavitenganisha vikunjo. Kwa wasiojua, kitabu hakishonwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi moja kubwa hukunjwa na kukunjwa tena mpaka itoe kurasa kumi na sita, hicho ni kikunjo kimoja, kisha vikunjo hushonwa pamoja mgongoni. Kitabu cha Mwalimu kilikuwa na ishirini. Bi Gundi alikichukua cha mwisho, akakaa kwenye stuli, akaanza kusoma.

Kisima kilikuwepo. Walikuwa wanakiona kwa mbali, alama ya mawe, mwendo wa nusu siku. Na hapo, nusu siku kabla, fundi pampu alikaa chini akasema hatembei tena. Hakuwa na jeraha. Hakuwa na homa. Wenzake walimsihi, wakamvuta mikono, wakamtukana, mmoja akampiga kofi. Akawaambia nendeni, mimi nimefika. Ukurasa wa tatu akafa, kimya, kama mtu aliyezima taa chumbani kwake.

Bi Gundi hakusoma zaidi. Zilibaki kurasa kumi na tatu, hakuzigusa hata kwa jicho. Alikasirika. Alimkasirikia mwandishi, alimkasirikia Mwalimu kaburini kwake, alimkasirikia yule fundi pampu wa karatasi ambaye amebakiza nusu siku tu na anajifanya hawezi. "Nusu siku," alisema peke yake chumbani. "Nusu siku tu inakushinda, mwanamume mzima."

Kisha akafanya ambalo hajawahi kulifanya katika miaka ishirini na miwili ya kazi. Alikichana kikunjo kile vipande vidogo vidogo, akavitumbukiza kwenye ndoo ya rojo la karatasi, lile la kuzibia matundu ya wadudu. Akakoroga mpaka maneno yote yakawa uji. Ukurasa wa mwisho wa kikunjo cha kumi na tisa ulikuwa mzuri tu: jua linazama, wote wanane wanatembea, mmoja anaimba. Paishie hapo. Waandishi wangapi wanaishia njiani na watu wanawasifu?

Akaanza kushona. Alishona vizuri kuliko siku zote, kwa sababu atakayesoma ni fundi, na fundi hadanganyiki na uzi uliolegea. Aliupunguza mgongo uendane na unene mpya, akabandika karatasi safi mwishoni, akalisugua jalada. Moyo ukatulia, mikono ikaendelea yenyewe, hatua baada ya hatua, toka sindano ya kwanza mpaka penseli ya mwisho, kama ilivyokwenda kwa maelfu ya vitabu. Akakiweka kwenye shinikizo, akarudi nyumbani, akalala usingizi.

Ijumaa, Kitinda alisoma tangu sindano ilipoingia. Bi Gundi alikaa kwenye kibenchi kando yake, akajifanya anashona kifungo. Alizihesabu kurasa zikigeuka. Saa ya tatu ya mashine kitabu kilikwisha. Kitinda akaugeuza ukurasa mtupu, akafungua jalada la nyuma, akatazama kwa muda.

"Dada."

"Naam."

"Njoo usome hapa."

Aliinuka, akainama. Ndani ya jalada la nyuma, kwa penseli, kwa herufi ndogo zilizonyooka, palikuwa pameandikwa tarehe ya jana, na chini yake: *Pungufu kurasa 16. Mwisho haupo.*

Ilikuwa ni desturi ya chumba chao. Mzee aliyemfundisha Bi Gundi kazi alikataza kutoa kitabu mlangoni bila kuhesabu kurasa na kuandika nyuma, kamili au pungufu, ili msomaji asije akamlaumu mwandishi kwa kosa la fundi. Bi Gundi aliandika hivyo kila siku ya kazi, kama mtu anavyofunga mlango bila kukumbuka kuufunga. Jana mkono wake ulihesabu, ukakuta zimepungua, ukaandika ukweli, na yeye mwenyewe hakuwa na habari.

"Huo si mwandiko wako?"

"Wangu," alisema. Hakuwa na pa kukimbilia.

Kitinda akacheka. Alicheka mpaka mashine ikaanza kulia na Sista akaja mbio kutazama mirija. "Sista, umewahi kuona mwizi anaiba halafu anaacha barua?" alisema, akifuta machozi kwa mkono ulio huru. "Huyu hapa. Tena kasaini kwa tarehe."

Bi Gundi hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe.

"Zilisemaje?" Kitinda aliuliza.

"Sijui."

"Dada, mficha maradhi kifo humuumbua. Nani anabaki?"

"Wanabaki saba."

"Asiyebaki?"

"Fundi pampu."

"Alikuwa na nini?"

"Alichoka."

Kitinda aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitegemea. Kisha akauliza swali ambalo dada yake hakulitarajia. "Na wale saba, baada yake, wanafanya nini?"

"Sikusoma. Alipokufa tu nikafunga."

"Zilibaki kurasa ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Kumi na tatu," Kitinda alirudia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukaingia huzuni. "Hapo ndipo nilipokuwa napatafuta. Mwalimu aliniambia pamo mwishoni mwa kitabu. Zimekwenda wapi?"

"Kwenye rojo."

"Basi."

Bi Gundi alikaa kwenye kibenchi. Aliuliza kwa nini, anataka nini kwa hao saba, si alisema akimaliza kitabu ndipo ataamua?

"Nilisema tutazungumza," Kitinda alimjibu. "Kuamua nilikwisha amua. Wewe unadhani miaka mitatu nilikuwa nauliza nani anabaki kwa ajili yangu? Mimi najua nilipo, dada. La kuvunda halina ubani. Nilikuwa nauliza kwa ajili yako. Natafuta kitabu cha kukuachia, kinachosema mtu aliyebaki peke yake asubuhi anaamkaje, anaanzia wapi. Vyako vyote wanafika, wanashikana mikono, mwisho. Hakuna hata kimoja kinachosema Jumanne yake ilikuwaje."

"Sitaki kitabu. Nataka uendelee."

"Najua."

"Endelea kwa ajili yangu."

Kitinda aliutazama mrija uliojaa damu yake. Alipojibu hakuwa na ukali wowote. "Na hii miaka mitatu, unafikiri ilikuwa kwa ajili ya nani?"

Simulizi hii ni ya Bi Gundi, basi niseme alilolihisi bila kulipamba: alimchukia. Alimchukia mdogo wake kwa roho yote, na papo hapo alitamani kumbeba mgongoni kama zamani, na mambo hayo mawili yakakaa ndani yake bila kupishana. Alikuwa akijiona ndiye anayemshikilia asianguke. Kumbe alikuwa mzigo aliobebeshwa mgonjwa.

Daktari aliitwa. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akaeleza bila kuzunguka: bila mashine atabakiwa na siku saba, kumi, pengine wiki mbili, usingizi utaongezeka, dawa za maumivu zipo. Kitinda akasaini hati za kuacha mashine. Wakati wa kutoka, Sista alimvuta Bi Gundi pembeni. "Watu hubadili nia, dada yangu, nimewaona," alisema. "Kiti chake nitakishikilia mpaka Jumatatu asubuhi. Nitapiga simu. Mkisema anakuja, anakuja, hakuna atakayeuliza kitu."

Siku mbili hizo Bi Gundi hakuacha njia asiyoijaribu. Jumamosi asubuhi alibembeleza. Mchana alinuna, akapiga vyombo. Jioni alimkumbusha surua ya utotoni, jinsi alivyokesha naye, akamwuliza kama ile ilikuwa bure. Kitinda alisikiliza yote. Jumapili alimwita akae karibu na kitanda na akamwambia achukue penseli.

"Ya nini?"

"Nikupendekezee mimi sasa. Kwanza soma kile kilichotafunwa na mbwa. Yule mzee wa kwenye mnara anakaa peke yake sura nne nzima, anazungumza na redio iliyokufa. Kinachosha, lakini ni kweli. Halafu cha chai. Kile cha barafu usikiguse mwaka wa kwanza."

Penseli ilikuwa mkononi mwake, haikuandika. "Sitasoma hata kimoja."

"Utasoma. Wewe huwezi kukaa mikono mitupu."

"Na chenye jalada jekundu?" aliuliza, kwa ubishi tu. "Kile wanakufa wote?"

"Hicho nilikisoma zamani, uliposema gundi haijakauka. Mwalimu alikikuta rafuni, akaniazimia." Kitinda alifumba macho. "Ni kizuri kuliko vyote. Hakuna anayeachwa."

Bi Gundi alitoka chumbani, akasimama jikoni, akafungua bomba, akalifunga. Hakuwa na dua iliyobaki ambayo hakuiomba, wala maneno. Akalia hapo, kwa sauti, makusudi ili Kitinda asikie. Kitinda alisikia na hakuita.

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, simu iliita sebuleni. Mlango wa chumba cha mgonjwa ulikuwa wazi. Kitinda alikuwa macho, amelala ubavu akitazama ukuta, bega lake limechomoza chini ya shuka. Hakugeuka.

"Dada yangu," Sista alisema, "mashine nimeiwasha. Anakuja?"

Hapo nataka muelewe kilichokuwa mikononi mwa Bi Gundi. Hati alizosaini Kitinda zilikuwa karatasi tu. Angemwambia, "Simama, twende," Kitinda angesimama. Angekunja uso, angetafuta shati, angekwenda. Toka ana miaka minne dada hajamwambia simama asisimame. Alikwenda shule alipoambiwa, akashika sindano alipoambiwa, akakaa kwenye kile kiti miaka mitatu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa sababu dada alikuwa kwenye kibenchi anasubiri. Neno moja lingetosha. Lingempatia leo, na Jumatano, pengine na mwaka. Na Bi Gundi alilitaka neno lile mdomoni mwake kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

"Dada? Upo?"

"Nipo."

"Anakuja?"

Lile bega chini ya shuka lilikuwa limekaza. Alikuwa anasikiliza. Alikuwa anasubiri aambiwe, na akiambiwa atatii, na ndicho alichokuwa anakiogopa.

"Kiti mpe mwingine," Bi Gundi alisema.

Sista akasema pole, akasema atapita jioni akitoka kazini. Simu ikakatika. Bi Gundi aliiweka mezani, akaenda mpaka mlangoni pa chumba, akasimama hapo bila kuingia.

Bega lilikuwa limelegea. Kitinda alivuta pumzi ndefu, akaishusha, na bado hakugeuka.

"Asante, dada," alisema.

Alikuwa amemwambia asante kwa maisha yake yote, kwa uji, kwa viatu vya shule, kwa kila kitabu, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha kusema asante. Hakuna hata moja aliyoisema kwa furaha kama ile.